Mshale Uchore Mwisho: Jinsi ya Kufuatilia Safari za Mamba wa Kale

Kila kijana anayekuja kujifunza mezani kwangu huanzia pabaya palepale. Anatandaza ramani ya dunia, anashika kalamu nyekundu, anachora mshale kutoka Afrika hadi Amerika, halafu ndipo ananiuliza ni mfupa upi utakaomuunga mkono. Humnyang'anya kalamu. Mshale una masharti yake: uujue mfupa, uujue umri wa tabaka ulimotoka, uujue ukoo wa mnyama, na ujue maji na ardhi vilikuwaje wakati ule. Ukikosa hata kimoja, umechora pambo.

Kazi yangu ni kusafisha visukuku. Nilianza kwa kutembea na watafiti kando ya Ziwa Turkana nikitazama chini kutwa nzima. Siku hizi nakaa chini ya taa, hadubini mbele yangu, nikikwangua mchanga uliogandamana na mifupa. Shahada sina. Mamba nawajua, maana kwenye mawe ya huku, ukiwatoa samaki, wao ndio wamejaa, na wengi huwaruka wakikimbilia kutafuta fuvu la binadamu wa kale. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mfupa, na kwingine nitapita mbio.

Hakikisha kwanza kwamba ni mamba

Ukikuta kisukuku, usikiokote. Weka rula au sarafu kando yake, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali ili kilima kionekane, hifadhi eneo kwa GPS ya simu, kisha toa taarifa kwa makumbusho au idara ya mambo ya kale. Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na polisi wanaijua njia ya kwako. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekwambia hivyohivyo. Mzee mmoja mchungaji aliwahi kuniletea kipande kizuri cha domo, amekifunga kwenye shuka kwa heshima zote. Nikamuuliza, "Baba, umelitoa wapi?" Akanyoosha mdomo kuelekea vilima vyote vya magharibi. Kipande kile bado kipo, na hakuna awezaye kusema kina umri gani.

Sasa mtazame mnyama mwenyewe. Vipande vinavyopatikana kwa wingi ni meno na vile vigae vya mfupa vinavyokaa chini ya magamba ya mgongoni. Kigae cha mamba kina vishimo vya mviringo juu, na upande wa chini ni laini. Watu hukichanganya na mifupa ya kichwa cha kambare, ambayo ina vipele vilivyoinuka badala ya vishimo, na pia na ganda la kobe wa ganda laini, ambalo vishimo vyake huungana vikawa mifereji inayopindapinda. Ukizoea, kidole kinatambua kabla ya jicho.

Jino la mamba lina umbo la pia, mara nyingi lina mistari ya kushuka, na shina lake lina uwazi, kwa sababu jino jipya huota ndani ya lile la zamani. Mamba mmoja huangusha maelfu ya meno maishani mwake. Hapo ndipo penye mtego: jino ni rahisi kulipata, lakini halikwambii spishi. Jino moja litakwambia "mamba alipita hapa", basi. Sijawahi kukubali mshale uliosimama juu ya jino, na wewe usikubali.

Unachohitaji ni fuvu, au angalau kipande cha domo chenye mishono inayoonekana, yaani ile mistari ambapo mifupa ya fuvu huungana. Safisha polepole. Ule mchanga mgumu unatoka kwa sindano na brashi, na mahali penye ufa tia gundi nyepesi kabla ya kuendelea. Mishono ndiyo maandishi yenyewe, na mwenye haraka huyafuta.

Usidanganywe na urefu wa domo

Tofauti ya kwanza ya kukariri ni jino la nne la taya ya chini. Kwa mamba wa jamii ya huyu wetu wa Nile, jino hilo hukaa ndani ya pengo lililo ubavuni mwa taya ya juu, ndiyo maana unaliona hata akifunga kinywa. Kwa aligeta huingia kwenye kishimo ndani ya taya ya juu na kupotea. Kwa hiyo hata ukiwa na kipande cha taya ya juu peke yake, tafuta: pengo la ubavuni au kishimo cha ndani?

Ya pili ni matundu mawili yaliyo juu ya fuvu, nyuma ya macho. Kwa ghariali, yule wa domo jembamba anayeishi mito ya India na Nepal, matundu hayo ni makubwa. Kwa mamba wa kawaida ni madogo.

Hili la pili ni muhimu kuliko linavyosikika, maana domo refu limezuka mara nyingi katika koo zisizohusiana. Bonde la Turkana linatosha kukufundisha. Kulikuwa na Eogavialis, wa upande wa maghariali. Kulikuwa na Euthecodon, ambaye kingo za domo lake zimejikunjakunja, kila jino na kitako chake, mnyama wa ajabu kuliko wote niliowashika. Na walikuwepo ndugu wa mamba wa domo jembamba anayeishi hadi leo misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Wote watatu walikula samaki, na kazi moja ikawapa domo linalofanana. Anayewapanga kwa urefu wa domo atawafanya ndugu, kisha atachora mshale kutoka India hadi Turkana bila sababu yoyote.

Pembe nazo zinadanganya. Mamba wa Madagaska aliyetoweka, Voay robustus, alikuwa na pembe za mfupa nyuma ya kichwa. Kwa muda mrefu umbo la fuvu lake liliwafanya wataalamu wamweke karibu na yule mamba mdogo wa misitu ya Afrika. Mwaka 2021 kikundi cha Evon Hekkala kilisoma DNA kutoka mafuvu yake, na ikaonekana kwamba ni ndugu wa karibu wa jenasi (kundi la spishi za ukoo mmoja) ya Crocodylus yenyewe, ile ya mamba wa Nile, wala si wa yule mdogo. Na katika Bonde la Olduvai, Tanzania, mwaka 2010 alielezwa Crocodylus anthropophagus, wa takriban miaka milioni 1.8, naye ana pembe. Hao wawili kuwa na pembe hakuwafanyi wa nyumba moja. Miongoni mwa waliomweleza huyo wa Olduvai ni Jackson Njau, Mtanzania, ambaye pamoja na Robert Blumenschine alikuwa ameonyesha alama za meno ya mamba kwenye mifupa ya binadamu wa kale wa palepale. Jina alilopewa linasema alichokuwa akila.

Basi alama ipi inafaa? Tafuta alama ambayo haina kazi iliyo wazi na ambayo haimo kwa wengine. Mfano bora ninaoujua ni nundu ya Crocodylus checchiai. Mafuvu yake yalichimbwa As Sahabi, Libya, enzi za utawala wa Italia, katika tabaka la miaka kama milioni 7. Mwaka 2020 Massimo Delfino na wenzake walilipiga picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) fuvu lililohifadhiwa Roma, wakaonyesha kwamba katikati ya domo kuna mwinuko. Mamba wanne walio hai leo wanao mwinuko huo, na wote wako Amerika: wa Cuba, wa Orinoco, wa Morelet, na yule anayeitwa mamba wa Amerika. Mamba wa Afrika walio hai hawana.

Kijana wangu hapo hurudi kushika kalamu. Ngoja kidogo.

Ulizia umri

Turkana tuna bahati ya majivu ya volkano. Mlima ulilipuka, majivu yakatanda, mto ukayafunika, na leo yanaonekana kama mkanda mweupe au wa kijivu kwenye ubavu wa korongo. Ndani yake mna punje za madini zenye potasiamu inayogeuka gesi ya argoni kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo mkanda unapimika umri. Mfupa ulio kati ya mikanda miwili una umri kati ya hiyo miwili. Ndivyo ilivyo.

Ila usiimeze namba bila kuuliza nani alipima na lini. Mkanda mmoja maarufu wa huku Turkana, uitwao KBS, ulitangazwa mwanzoni kuwa wa miaka milioni 2.6. Waliozusha ubishi ni nguruwe: visukuku vya nguruwe vilivyokuwa chini yake vilifanana na vile vya bonde la Omo, Ethiopia, vyenye umri mdogo zaidi. Vipimo vilirudiwa na mkanda ukashuka hadi karibu milioni 1.9. Miaka laki saba! Kwa mnyama anayehama, tofauti hiyo inatosha kumgeuza babu kuwa mjukuu na mshale kuelekea ulikotoka.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika namba mbili kila mara, umri wa chini na wa juu, ukitaja mkanda uliotumika. Huko Libya hukumu ya umri ilitegemea zaidi wanyama waliopatikana pamoja na mamba, na hilo nalo liandike.

Panga ukoo kabla ya kupanga njia

Kukutwa mahali pamoja si ujamaa. Mwaka 2012 Christopher Brochu na Glenn Storrs walimweleza Crocodylus thorbjarnarsoni wa Turkana, wa kati ya miaka milioni 4 na 2, mwenye urefu uliokadiriwa kupita mita 7. Fuvu lake si la mtu mmoja kuinua. Kila mgeni akiliona husema, "Huyu ndiye babu wa mamba wa ziwani." Uchambuzi wa mishono na matundu ulimweka karibu na yule mla watu wa Olduvai, mbali na mamba wa Nile wa leo. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakubwa wa ziwa hawakuacha warithi, na mamba unayemwona leo ziwani alikuja kwa ukoo mwingine.

DNA ya walio hai husaidia kufunga hesabu. Mwaka 2011 Hekkala na wenzake, wakitumia hata mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, walionyesha kwamba anayeitwa mamba wa Nile ni spishi mbili. Wa magharibi, Crocodylus suchus, ana kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli) 38. Wa mashariki, huyu wetu wa Turkana na Rufiji, ana 32. Na wa mashariki yuko karibu zaidi na mamba wa Amerika kuliko alivyo karibu na jirani yake wa Afrika Magharibi. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaenda kulitazama upya fuvu la mamba wa ziwani nililokuwa nimelizoea kama sufuria ya jikoni.

Maana yake kwa kazi yetu ni hii: tawi la Amerika limechipuka ndani ya tawi la Afrika. Huo ndio ushahidi wa mwelekeo. Mifupa ya pande mbili za bahari inakwambia kwamba walikuwa ndugu; mti wa ukoo unakwambia nani alimtembelea nani.

Pima maji

Sasa uliza mnyama angewezaje kufika. Mamba wa jenasi ya Crocodylus wana tezi za kutolea chumvi kwenye ulimi, jambo lililothibitishwa mwaka 1981 huko Australia na Laurence Taplin na Gordon Grigg. Hata wale waishio maji baridi wanazo, dalili kwamba uwezo huo ni urithi wa zamani. Aligeta hana tezi zinazofanya kazi hiyo. Akikaa baharini muda mrefu anaumia.

Halafu kuna mkondo. Mamba wa maji chumvi wa Australia aliyefungwa kifaa cha kufuatiliwa alisafiri kilomita 590 kwa siku 25, akisubiri mkondo unaomfaa na kupumzika ukigeuka. Nahodha wa jahazi asingefanya vingine. Kati ya Afrika Magharibi na Brazili, pale bahari inapobana, ni karibu kilomita 3,000, na mkondo wa karibu na ikweta huelekea magharibi. Mtambaazi anayeweza kukaa bila chakula kwa miezi, mwenye tezi za chumvi, juu ya mkondo unaomsukuma: safari hiyo ni ngumu lakini inawezekana.

Tahadhari moja tu. Usimhukumu mnyama wa kale kwa tabia ya mjukuu wake. Ghariali wa leo hatoki mtoni. Lakini mwaka 2007 lilielezwa fuvu la ndugu yake wa kale, Aktiogavialis, kutoka Puerto Rico, kisiwa cha Karibiani, na ghariali wengine wa kale wamepatikana Peru katika matabaka ya bahari. Lazima wahenga wao walivuka maji ya chumvi, hata kama walio hai wameacha.

Aligeta anakupa mfano wa kinyume. Wako wawili tu duniani, mmoja Marekani kusini-mashariki, mwingine China kwenye bonde la Yangtze. Visukuku vya jenasi hiyo Amerika Kaskazini vinapita miaka milioni 30. Kwa kuwa bahari haimfai, njia yake inatafutwa kaskazini, pale Alaska na Siberia zilipokuwa zimeungana na hali ya hewa ikiwa na joto kuliko sasa. Mshale wake upite nchi kavu na mito, hata kama kwenye ramani unaonekana kuzunguka mno.

Mito nayo ni barabara, na hufunguka na kufungwa. Ziwa Turkana leo halina pa kutokea, lakini hadi miaka kama 5,000 iliyopita lilijaa likamwagika kuelekea Nile. Mamba waliobaki kwenye madimbwi ya Mauritania na Chad, katikati ya jangwa, ni mabaki ya Sahara iliyokuwa na mito. Kabla ya kumvusha mamba wako bahari, uliza kama hakuwa na mto.

Na kama ardhi ndiyo iliyohama?

Hapa ndipo umri unapofanya kazi yake yote. Sarcosuchus, jitu la Gadoufaoua nchini Niger, ana ndugu yake Brazili, kama walivyoonyesha Éric Buffetaut na Philippe Taquet mwaka 1977. Araripesuchus, mdogo mwenye miguu ya kutembea nchi kavu, amepatikana Brazili, Argentina, Niger, Moroko na Madagaska. Ukisahau umri, utawavusha Atlantiki kama tulivyomvusha yule wa nundu. Lakini hawa ni wa kipindi cha Kretasia, enzi za dinosaria. Mababu zao walitandaa wakati Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bado kitu kimoja, na zilimaliza kuachana karibu miaka milioni 100 iliyopita. Hawakuogelea. Bahari ilifunguka kati yao.

Pakasuchus wa bonde la Rukwa, Tanzania, aliyetangazwa mwaka 2010, ni wa jamii pana ya Araripesuchus, akiwa na ukubwa wa paka na meno ya nyuma yanayosagana, jambo lisilotarajiwa kabisa kwa mamba. Umri wake ni karibu miaka milioni 105. Kwa mnyama wa aina hii usichore mshale. Chora mstari wa kupasuka kwa bara, kisha weka nukta pande zote mbili.

Sasa shika kalamu

Rudi kwa mamba wa nundu. Mfupa: alama ya kipekee, ipo Libya na Amerika. Umri: wa Libya kama milioni 7; huko Venezuela, mamba wa kale Crocodylus falconensis, aliyeelezwa mwaka 2013, ni wa karibu milioni 5, mdogo kwa umri. Ukoo: tawi la Amerika liko ndani ya la Afrika. Maji: tezi zipo, mkondo upo, na Atlantiki ilikuwa imeshapanuka, kwa hiyo kupasuka kwa bara hakuwezi kueleza. Chora, kutoka mashariki kwenda magharibi. Mstari uwe wa nukta-nukta, maana tunajua kwamba walivuka lakini hatuna mfupa wa katikati ya bahari.

Upande wa Bahari ya Hindi hutachora kwa raha kama hiyo. Wapo wanaosema jenasi ya Crocodylus ilianzia Asia na Australia ikaja Afrika. DNA ya Voay imewapa nguvu wanaosema ilianzia huku Afrika ikaenda kule. Mimi naegemea upande wa Afrika, lakini ramani yangu ina mishale miwili hapo, kila mmoja na alama ya kuuliza.

Na acha nafasi nyeupe. Maboko na maeneo mengine ya Kenya kuliishi Kinyang, waliotangazwa mwaka 2022, jamaa wa yule mamba mdogo wa msituni lakini wenye urefu wa karibu mita 3.7. Wanapatikana kati ya miaka milioni 18 na 15 iliyopita, halafu kimya. Crocodylus anaanza kuonekana huku karibu milioni 7. Katikati, mamba wa Afrika Mashariki hatunao wa kutosha. Kijana wangu wa mwisho alitaka kuziunganisha pande hizo mbili kwa mshale mzuri uliopinda. Nimempa brashi, maji na boksi la vipande vya fuvu ambavyo havijasafishwa, na tuanze na mishono.